Maria de Fátima: jina hili limetoka wapi, na maana yake nini?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Kaka yangu ameoa Mueda, Msumbiji, na mwezi uliopita wamejaliwa mtoto wa kike. Wifi anataka mtoto aitwe Maria de Fátima, jina la marehemu mama yake. Sisi ni Wakatoliki, na bibi yetu hapa Masasi hataki hata kulisikia. Anasema Fatuma ni jina la Kiislamu, mtoto wa Kikristo hapewi. Wifi naye anasema ni jina la Kireno, tena la Bikira Maria mwenyewe. Nani anasema kweli? Jina lenyewe lina maana gani? Na kwenye cheti cha kuzaliwa tuliandikeje?" Shangazi mtu, Masasi.

Marahaba, dada yangu, na hongereni kwa mtoto. Umeuliza swali ambalo nimekuwa nikilitamani tangu nianze kufundisha Kireno, kwa sababu sijui jina jingine la Kireno lililosafiri mwendo mrefu namna hii na kurudi kutukuta hapa hapa kwetu. Bibi anasema kweli, na wifi anasema kweli. Wameshika kamba moja, kila mmoja kwa ncha yake.

Tuanze na ncha ya bibi. Fátima ya wifi na Fatuma ya jirani yenu ni neno moja, na neno hilo ni la Kiarabu. Shina lake ni konsonanti tatu, fa, ta ile nzito, na mim, na kitendo kinachotoka humo ni kumwachisha mtoto ziwa. Umbo la jina ni la mtenda, na sisi Waswahili tunalijua umbo hilo hata bila kukaa chuoni: katibu ni mwenye kuandika, hakimu ni mwenye kuhukumu, tajiri ni mwenye kufanya biashara. Fatima amekaa safu hiyo hiyo, ila ana a ya kike mwishoni. Maana yake basi ni mwanamke mwenye kumwachisha mtoto ziwa. Wazee wetu wangesema mwenye kulikiza. Vijana wengi siku hizi hawalitumii neno kulikiza, lakini mtoto wake wanamjua vizuri na humsubiri kila mwisho wa muhula: likizo. Aliyelikizwa ameachiliwa, awe mtoto aliyeachishwa ziwa au mwanafunzi aliyeruhusiwa kwenda nyumbani.

Utauliza, mtu anampaje binti yake mchanga jina la kazi hiyo? Waarabu wa jangwani walimwita hivyo hata ngamia jike ambaye ndama wake ameshaachishwa. Tafsiri ninayoiamini mimi ni kwamba jina hili lilikuwa dua. Mama anayefika siku ya kulikiza ni mama ambaye mtoto wake amevuka miezi ya hatari, ameota meno, ameanza kula uji na kutembea akishika ukuta. Zamani wengi hawakufika siku hiyo. Kumwita binti Fatima ni kumwombea awe mama, na watoto wake waishi. Nimewahi kusikia watu wakilidharau jina hili kwa kuwa "maana yake ni ndogo". Sioni udogo wake uko wapi.

Jina hili lilikuwepo Makka kabla ya Uislamu. Bibi yake Mtume Muhammad, mama mzaa baba, alikuwa Fatima binti Amr. Mama yake Ali alikuwa Fatima binti Asad. Wanawake wa jina hilo walijaa katika ukoo huo hata ipo hadithi katika mkusanyo wa Muslim kwamba Mtume alimpa Ali kitambaa cha hariri akamwambia akikate mitandio awagawie "akina Fatima". Wafafanuzi wa hadithi wakabaki na kazi ya kuwataja ni akina nani. Lakini aliyelipa jina hili utukufu ni binti wa Mtume, mke wa Ali na mama wa Hasan na Husein, aliyefariki mwaka 632, miezi michache tu baada ya baba yake. Kwa ajili yake Waislamu wakalibeba jina kila walikokwenda. Utawala wa Wafatimi, ulioanza Afrika ya Kaskazini mwaka 909 na kuijenga Kairo, ulijiita kwa jina lake. Wasomali wakasema Faduma, watu wa Afrika Magharibi wakasema Fatou na Fatoumata, na sisi wa pwani tukasema Fatuma na Fatma.

Kwetu jina hili halikuletwa na Wareno. Wareno walituachia meza, bendera na leso, lakini Fatuma alikuja moja kwa moja kutoka Uarabuni. Miongoni mwa barua za Kiswahili kongwe kuliko zote zinazojulikana, zile zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, imo ya malkia wa Kilwa, naye jina lake Fatima. Barua hizo ziliingia mikononi mwa Wareno na mpaka leo zimehifadhiwa Goa, India. Ebu fikiria: wenye ufalme wa Ureno wakati huo walikuwa wakipokea barua za malkia Mwislamu anayeitwa Fatima, na huko kwao wenyewe kulikuwa na kijiji chenye jina hilo hilo, kimelala kati ya mizeituni na mawe, hakuna anayekijali.

Kijiji hicho ndicho ncha ya wifi.

Waislamu waliingia rasi ya Iberia mwaka 711, wakaishi sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni Ureno kwa karne kadhaa. Lisbon ilichukuliwa na mfalme Mkristo Afonso Henriques mwaka 1147, na Faro, kusini kabisa, mwaka 1249. Watawala waliondoka, lakini majina ya mahali hayaondoki kirahisi. Algarve ni al-gharb, magharibi. Almada na Alcácer ni Kiarabu. Halafu mwishoni mwa 1496 mfalme Manuel wa Kwanza alitoa amri kwamba Wayahudi na Waislamu wote watoke katika ufalme wake. Tangu hapo binti wa Kireno hakuweza kuitwa Fátima hadharani. Jina likafutika kwa watu, likabaki kwenye ardhi.

Katika wilaya ya Ourém, katikati ya nchi, palikuwa na mahali paitwapo Fátima, pakafanywa parokia mwaka 1568. Wenyeji wanayo hadithi yao. Wanasema katika karne ya 12 mpiganaji mmoja Mkristo, Gonçalo Hermigues, alimteka binti wa kifalme wa Kiislamu karibu na Alcácer do Sal, siku ya Mtakatifu Yohane. Binti aliitwa Fátima. Wakapendana, akabatizwa, akapewa jina la Oureana, na kutoka kwake yakapatikana majina mawili, la mji wa Ourém na la kijiji cha Fátima. Ni hadithi tamu, na nitakuambia kama mwalimu ninavyowaambia wanafunzi wangu: hadithi moja inapoeleza majina ya mahali pawili kwa mpigo mmoja, mara nyingi majina yalitangulia na hadithi ikafuata. Lenye uhakika ni dogo zaidi, nami linanitosha: mwanamke fulani, au ukoo fulani, uliliacha jina la Kiarabu pale, na Wakristo waliokuja nyuma wakaendelea kulitamka kwa karne nyingi bila kufikiria limetoka wapi.

Sasa njoo mwaka 1917. Watoto watatu wa kitongoji cha Aljustrel, Lúcia dos Santos mwenye miaka 10 na binamu zake Francisco na Jacinta Marto, wa miaka 8 na 7, walikuwa wakichunga kondoo kwenye bonde liitwalo Cova da Iria. Tarehe 13 Mei wakasema wamemwona Bibi mmoja ang'aaye kuliko jua, juu ya mti mdogo, akiwataka wasali rozari na kurudi pale kila tarehe 13 mpaka Oktoba. Mwezi Agosti mkuu wa serikali wa eneo lile akawakamata siku yenyewe, wakamwona tarehe 19 mahali pengine. Tarehe 13 Oktoba, katika mvua na matope, umati unaokadiriwa kufika watu 70,000 ulikuwa bondeni. Francisco na Jacinta walikufa wadogo, mwaka 1919 na 1920, baada ya kuugua homa kubwa ya mafua iliyoenea dunia nzima. Lúcia akawa mtawa akaishi mpaka 2005. Askofu wa Leiria alitangaza mwaka 1930 kwamba matokeo yale ya Bikira Maria yanastahili kuaminiwa, na tarehe 13 Mei 2017 Papa Fransisko aliwatangaza Francisco na Jacinta kuwa watakatifu.

(Na Iria naye ni mwanamke. Ni Irene, neno la Kigiriki la amani, jina la mtakatifu anayeheshimiwa sana sehemu hizo. Mji wa Santarém umepata jina lake kwake. Bonde lina jina la Kigiriki, parokia ina jina la Kiarabu, na yote mawili ni majina ya kike.)

Hapo ndipo jina lilipotoka ardhini likarudi kwa watu. Ili uelewe lilivyorudi, lazima ujue desturi moja ya Wareno. Mtoto wa kike anaitwa Maria, kisha Maria huyo anafungwa kwenye sifa mojawapo ya Bikira au mahali anapoheshimiwa: Maria da Conceição, kwa Mkingiwa Dhambi ya Asili, Maria das Dores, kwa Mama wa Mateso, Maria da Luz, mwanga, Maria da Graça, neema, Maria do Carmo, Mlima Karmeli, Maria de Lurdes, mji wa Lourdes kule Ufaransa. Kwa kuwa akina Maria wanajaa nyumba, darasa na kijiji, kila siku mtu huitwa kwa ile sehemu ya pili. Unamkumbuka yule mkimbiaji wa Msumbiji aliyetwaa dhahabu ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000? Maria de Lurdes Mutola. Watu wanamwita Lurdes, na ukilifuata jina lake utafika kwenye pango la Ufaransa. Maria de Fátima limeundwa vivyo hivyo, na ukilifuata utafika kwenye bonde la kondoo la Ourém.

Angalia pia lile neno dogo la katikati, maana lina habari. Kwa Conceição ni "da", yaani "de" iliyoungana na kitangulizi "a", kwa sababu ni "ya huko kutungwa mimba". Kwa Fátima ni "de" tupu, kwa sababu mji huo kwa Kireno hauna kitangulizi. Maria de Fátima ni "Maria wa Fátima", kama sisi tunavyosema Bikira Maria wa Fatima. Kwa hiyo wifi anaposema hilo ni jina la Bikira Maria, hakosei hata chembe. Mama yake hakupewa jina la binti wa Mtume. Alipewa jina la Mama wa Yesu, kupitia jina la mji, ambalo lenyewe lilitokana na jina la Kiarabu lililopata utukufu kwa binti wa Mtume.

Mambo hayo yamekutana kwa uzuri wa ajabu, na kila ninapoyaeleza nahisi furaha. Waislamu wanamheshimu mama yake Isa, Maryamu, mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Kurani, na mabinti wao kwa maelfu wanaitwa Mariamu. Hakuna anayewauliza kwa nini wamechukua jina la Kikristo. Wakatoliki nao, bila kupanga, wakawaita mabinti zao Fátima.

Msumbiji ndiko utakakoona yote mawili uso kwa uso. Pwani ya Cabo Delgado, Wamwani ni Waislamu na wanawake wao wengi ni Fatima kwa njia ya bibi yako, ijapokuwa shuleni huandikwa kwa tahajia ya Kireno. Ukipanda uwanda wa Mueda unawakuta Wamakonde waliobatizwa misheni, na Fátima wao ni wa njia ya wifi. Kule kusini, Namaacha, kuna hija kubwa kila Mei kwenye patakatifu pa Mama Yetu wa Fátima. Ukikutana na mwanamke wa Msumbiji akakuambia tu "naitwa Fátima", hujajua bado dini yake. Ni yale maneno mawili ya mbele, Maria de, ndiyo yatakayokuambia.

Sasa nizungumze na bibi, kwa heshima zote. Bibi, najua jioni unasali rozari. Kila tendo likiisha, baada ya Atukuzwe Baba, mnasali "Ee Yesu wangu, utusamehe dhambi zetu". Sala hiyo inatokana na Fátima. Lúcia alieleza kwamba waliipokea tarehe 13 Julai 1917. Wewe umekuwa na Fátima mdomoni kila siku, miaka yote hii. Kama una wasiwasi wa padri, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu mtoto asipewe jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Maria wa Fatima haliwezi kuwa geni kwa padri yeyote anayemjua Mama Yetu.

Na matamshi? Hapa kuna jambo linalonipendeza kuliko yote. Sisi kwa kawaida ya lugha yetu tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho: fa-TI-ma, fa-TU-ma. Mreno anakaza ya kwanza: FÁ-tima, na ile alama juu ya a ndiyo inayomwambia akaze hapo. Ukifungua maandishi ya Kiarabu, baada ya fa utaikuta alifu, yaani a ya kuvutwa: Faatima. Alama ya Wareno imekaa mahali pale pale pa alifu. Miaka mia nane tangu Waarabu wapoteze nchi ile, mchungaji wa kondoo asiyejua neno la Kiarabu bado analivuta jina pale pale wanapolivuta Waarabu, na sisi tulioishi na Waarabu mlango kwa mlango tumelihamisha mkazo na kulitia u. Ile u tumeifanya yetu kabisa, ingawa Waarabu nao wana Fattuma, jina la kumbembeleza binti. Mbrazili akilitamka utasikia karibu na "Fáchima", kwa kuwa sehemu kubwa ya Brazili "ti" husikika kama "chi". Wifi yako, akiwa wa Msumbiji, atasema ti safi kama yetu.

Mwisho ni cheti, na hapa nakuomba uwe makini kuliko mahali pengine pote. Niliwahi kumfundisha binti ambaye wazazi wake walimwita hivi hivi. Karani aliyeandika cheti chake aliligawa jina kwenye visanduku vitatu vya fomu: Maria akaenda jina la kwanza, "D." likaenda la kati, Fatima likaenda la ukoo. Jina la baba halikupata mahali. Shuleni akawa Maria D. Fatima, kwenye kipaimara akawa Maria wa Fatima, na alipotaka pasi ya kusafiria karatasi zake zikawa za watu watatu. Nilikaa naye mezani tukazipanga moja moja, akalia. Alichukua zaidi ya mwaka kuzilinganisha, kwa viapo na barua.

Kwa hiyo mwambie kaka yako aandike "Maria de Fatima" lote katika kisanduku cha jina la kwanza, kama jina moja, kwa sababu ndivyo lilivyo. Jina la baba lifuate, kisha la ukoo. Kwa Kireno sahihi a ina alama, na kama karatasi za Msumbiji zitatengenezwa pia, kule litaandikwa Fátima. Huku, kama karani hana alama hiyo kwenye mashine, isiwe ugomvi. Kinachodhuru ni herufi kubadilika: Fatima hapa, Fatma pale, Fatuma kwenye kadi ya kliniki. Chagueni Fatima, na hiyo kadi ya kliniki muikague leo hii, maana ndiyo karatasi ya kwanza na makosa mengi huanzia hapo. Cheti cha ubatizo nacho kifuate herufi zile zile, hata kama padri atapenda kuandika "Maria wa Fatima". Mwombeni "de" ibaki ilivyo.

Nyumbani ni habari nyingine. Wareno humwita Fátima mdogo Fatinha, na hiyo "nh" ni sawa na ny yetu, kwa hiyo wifi atakuwa akisema Fatinya. Bibi akitaka kusema Fatu, au hata Fatuma, aseme. Mtoto ataitika, na ndugu wa Mueda wakija kumwona watajua ni nani anayeitwa.